Brashi yangu ina miaka sita: uzi wa zana za rangi kwa sisi wa visiwani

FundiWaNgambo (#1)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Wiki iliyopita nilikuwa na kazi Fuoni, hapa Unguja, nyumba ya vyumba vinne, mwenyewe anataka imalizike kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Zana kanunua yeye: brashi tatu, rola mbili, trei na msasa. Nikaanza na fremu ya dirisha. Dakika kumi tu, brashi inanyonyoka kama kuku wa harusi. Nikabaki nachambua nywele kwenye rangi mbichi kwa kucha, moja moja, kama mtu anayetoa miba ya samaki. Mwisho nikaenda kwenye mkoba wangu nikatoa ya kwangu. Akaniuliza, "Hiyo umeinunua wapi?" Nikamwambia Darajani, miaka sita iliyopita. Akacheka, akadhani namtania.

Mie napaka rangi tokea nilipotoka skuli, mwaka wa 18 huu. Nikihesabu zana nilizozipoteza, karibu zote hazikufa kazini. Zilikufa jioni. Saa kumi na mbili kasoro, mgongo unauma, Maghribi inakaribia, unajiambia nitaosha nikirudi. Unaitumbukiza brashi kwenye kopo la maji, inasimama kwa nywele zake, unakwenda zako. Asubuhi imepinda upande kama mkia wa paka na hainyooki tena.

Basi haya ndiyo ninayoyafanya mie.

Brashi mpya siitii kwenye rangi ikiwa kavu. Kwanza naipigapiga kiganjani, nazivuta nywele legevu zitoke. Halafu, kama rangi ni ya maji, naichovya kwenye maji safi, naikung'uta vizuri, ndio naipeleka kwenye rangi. Kama ni rangi ya mafuta, badala ya maji natumia tina, ile ya kuzimulia rangi, au mafuta ya taa. Sababu yake: kule juu nywele zinakoingia kwenye bati ndiko rangi inakojificha, na ndiko inakokauka. Ukitanguliza maji, nafasi ile imeshajaa, rangi haipandi. Brashi ikishakauka rangi shingoni, nywele zinaachana kama ufagio mkongwe na mstari ulionyooka huupati tena.

Kuchovya ni theluthi ya nywele, basi. Wengine wanazamisha mpaka bati halafu wanakwangulia kwenye mdomo wa kopo. Unapoteza rangi, unachafua mdomo wa kopo, kifuniko hakifungi, rangi inafanya utando. Chovya kidogo, gusisha pembeni mwa kopo huku na huku, paka.

Rola mpya nayo ina vumbi la manyoya. Ioshe kwa sabuni, ikauke, au iviringishie tepu ya karatasi mara mbili tatu ing'oe manyoya yaliyolegea. Ukuta laini uliopigwa puti unataka manyoya mafupi. Plasta ya kukwaruza inataka marefu, ukiipigia fupi utakuwa unasukuma tu na vishimo vyote vinabaki vyeupe.

Rangi iliyokaa muda lazima ichujwe. Hapa nikiri. Nilipoanza kazi nilichukua kifumbu cha mama, kile cha kukamulia tui, nikachujia rangi ya buluu ndoo nzima. Siku hiyo nilikula kwa jirani. Sasa hivi natumia kipande cha chandarua kikuukuu, nakifunga kwa mpira kwenye mdomo wa ndoo.

Kuosha nitaeleza chini, ngoja nikasali.

---

KijanaWaKwahani (#2)

Waalaykum salaam fundi. Kule mitandaoni wanasema ukipumzika funga brashi kwenye mfuko wa plastiki. Sasa sisi mifuko ya plastiki imeshapigwa marufuku. Tufanyeje?

---

FundiWaNgambo (#3)

Nimerudi.

Mapumziko ya chakula: kwa rangi ya maji natumia kitambaa kilichorowa, naizungushia brashi yote. Ukiwa shamba, jani la mgomba lililorowa linafanya kazi hiyohiyo na halikugharimu kitu. Nailoni iliyokuja na rola dukani usiitupe, nayo inafaa. Shida ni hewa tu, ukiizuia hewa rangi haikauki.

Kulaza brashi ya rangi ya mafuta: kama kesho unaendelea na rangi ileile, huna haja ya kuiosha. Toboa tundu kwenye mpini, pitisha msumari, uulaze msumari juu ya mdomo wa kopo lenye maji au mafuta ya taa. Nywele zining'inie zizame, lakini zisiguse chini. Asubuhi kung'uta, futa, endelea. Hilo tundu la mpini ndilo lililoiweka brashi yangu miaka sita.

Kuosha kwenyewe: kwanza rudisha rangi kwenye kopo kadiri unavyoweza, kisha fanyia brashi kwenye gazeti mpaka iwe karibu kavu. Watu wanaruka hatua hii, wanaosha nusu kikombe cha rangi waliyoinunua kwa pesa zao. Rangi ya maji: maji na sabuni, zifikiche nywele kwa vidole kule shingoni, mpaka maji yatoke safi. Rangi ya mafuta: mafuta ya taa kidogo kwenye kopo la kwanza, fikicha, kisha kopo la pili lenye mafuta safi, mwisho sabuni na maji. Mafuta kidogokidogo mara mbili yanasafisha kuliko mengi mara moja.

Halafu ichane. Ndiyo, kwa kitana. Izungushie karatasi izishike nywele umbo lake, itundike kwa lile tundu. Usiiweke imesimama kwa nywele hata ikiwa safi.

---

Mtu_wa_Kigamboni (#4)

Mkuu, heshima kwako, lakini huku kwetu brashi tunanunua ya bei poa, kazi ikiisha tunatupa. Muda wa kuichana brashi kama mtoto wa shule sina.

---

FundiWaNgambo (#5)

Ndugu yangu wa Kigamboni, kila mtu na soko lake. Lakini ile ya bei poa inakula muda palepale ukutani. Haibebi rangi, unachovya mara tatu pale nzuri inapochovywa mara moja, na inaacha mistari, ukuta unaomba mkono wa tatu. Mimi naosha dakika kumi. Wewe unachambua nywele saa nzima.

Sikatai, ya bei poa ninayo pia. Ni ya kufagilia vumbi, kupakia gundi, na kumwazima jirani.

---

KijanaWaKwahani (#6)

Hahaha hiyo ya jirani nimeielewa.

---

UmmuSalma_Wete (#7)

Assalaam alaykum. Mie si fundi, ni mama wa nyumbani niko Wete, ila rangi ya nyumba yetu napaka mwenyewe na wanangu. Nina suala ambalo nimelisikia msikitini na sijapata jibu la fundi. Ni kweli baadhi ya brashi zina nywele za nguruwe? Maana nimepakia mpaka chumba cha kusalia.

---

FundiWaNgambo (#8)

Waalaykum salaam bi mkubwa. Ni kweli. Brashi nyingi za nywele za asili zinazotoka China ni za nguruwe, na fundi wa rangi ya mafuta anazipenda kwa sababu ncha ya kila unywele imepasuka vijitawi, inabeba rangi na kuiachia taratibu. Mara nyingi kwenye mpini huandikwa "PURE BRISTLE" au "100% BRISTLE", na mnunuzi anadhani ni sifa tu. Malaysia mwaka 2017 wakaguzi wa serikali walizitoa madukani brashi zaidi ya 2,000 kwa jambo hilihili.

Kupima ni rahisi. Chomoa unywele mmoja, uguse moto wa kibiriti. Ukinuka kama nywele zilizoungua na ukawa majivu yanayosagika, huyo ni mnyama. Ukiyeyuka ukafanya kitone kigumu, hiyo ni nailoni au plastiki nyingine. Kumbuka kipimo hiki kinakwambia mnyama tu, hakikwambii ni mnyama gani.

Hukumu yake waulize masheikhe, mie mpaka rangi. Ila kikazi hukosi kitu: rangi ya maji inataka nailoni hasa, kwa sababu nywele za mnyama zinanyonya maji, zinavimba na kulegea kama tambi.

---

Mtumbatu77 (#9)

Naongezea kwa aliyekwishanunua brashi ikamkaukia. Rangi ya maji iliyokauka kwenye nailoni: pasha siki, isichemke, itumbukize brashi nusu saa, kisha fikicha na kitana cha chuma. Zangu mbili zimefufuka hivyo. Ya rangi ya mafuta iliyokauka wiki nzima, msomee tu.

---

MaalimChokaa (#10)

Assalaam alaykum. Nasoma uzi huu tokea jana nikingojea mtu ataje chokaa. Hakuna. Mnazungumza rangi kana kwamba visiwa hivi vimeanza na ndoo ya lita 20.

Mie nimefanya kazi za nyumba za Mji Mkongwe, Kiponda na Malindi zaidi. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Zinanyonya maji kutoka chini na kutoka mvuani, halafu zinayatoa kwa uso wa ukuta. Ukizipaka rangi ya plastiki, hizi za ndoo, umezifunga pua. Maji hayatoki, chumvi inakusanyika nyuma ya rangi, ukuta unafanya malengelenge kisha unamwagika unga. Mwenye nyumba anasema rangi mbovu. Rangi haina kosa, imewekwa mahali si pake.

Chokaa ina zana zake. Fundi, nikuulize, umewahi kupiga chokaa kwa hiyo brashi yako ya miaka sita?

---

FundiWaNgambo (#11)

Maalim, umenishika pabaya. Kabla ya hii nilikuwa na nyingine nzuri kuliko hii, nywele za asili. Nilipewa kazi ya ukuta wa ua Mkunazini, chokaa. Siku ya pili jioni naiosha, nywele zinakatika mkononi kama tambi zilizorowa. Nilidhani nimeuziwa feki, nikaenda dukani kugomba na muuzaji wa watu.

---

MaalimChokaa (#12)

Basi kamwombe radhi muuzaji.

Chokaa ni kali. Nywele za mnyama, sufu, kucha na ngozi yako ni kitu cha jamii moja, na chokaa inavila vyote. Ndiyo maana wazee walitumia makumbi. Unachukua kumbi la nazi, unaliloweka majini siku kadhaa, unalitwanga upande mmoja kwa mchi mpaka nyuzi ziachane, upande wa pili unabaki mgumu ndio mpini. Ukitaka pana unafunga mawili matatu kwa kamba. Mmea hauogopi chokaa. Brashi ya katani nayo inafaa, na nailoni inafaa, ila ya makumbi inabeba maji mengi na inaingia kwenye mashimo ya ukuta mkongwe. Ikichakaa unaitupa jikoni inakuwa kuni.

Rola achaneni nayo kwenye chokaa. Inatupa matone, na tone likiingia jichoni si mchezo. Vaeni miwani na glovu. Likiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali, usingoje uone itakuwaje.

Chombo cha kuchanganyia kiwe ndoo ya plastiki au pipa. Msitumie sufuria. Sufuria zetu hizi ni alumini, na chokaa inaila alumini inachemka mapovu. Nimemwona kijana kaharibu sufuria ya pilau ya shughuli, hiyo kesi yake ilifika kwa sheha.

Kama chokaa yenyewe imetoka tanuuni haijazimwa, tia chokaa kwenye maji kidogokidogo, usimwagie maji kwenye rundo la chokaa. Inapanda moto mpaka inaruka. Izimwe, ikae, iwe laini kama samli. Siku ya kupaka unaipunguza mpaka iwe kama maziwa ya ng'ombe, si kama uji. Ukuta uuroweshe kwanza. Ukipaka utaona kama hujapaka kitu, maana ikiwa mbichi inaonyesha hadi nyuma, weupe unakuja ikikauka. Vijana hapo ndipo wanapokosea, wanaongeza chokaa iwe nzito, ikikauka inapukutika. Mikono mitatu au minne miembamba, asubuhi au alasiri. Jua la saa saba linaikausha kabla haijashika. Chokaa haishiki kwa kukauka kama rangi, inashika kwa kuvuta hewa ya ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe.

Wazee wengine walitia chumvi kidogo, wengine mafuta ya mnyama ili isipukutike mvuani.

---

UmmuSalma_Wete (#13)

Allah akujaalie kheri maalim. Nyumba yetu ya zamani ukuta wa nyuma tumeupaka mara tatu kwa rangi ya ndoo, kila baada ya masika unamwagika. Makumbi hapa Pemba tunayo ya kutupa. Kwa sasa nikwangue yote au nipake chokaa juu?

---

MaalimChokaa (#14)

Kwangua yote mwanangu, chokaa haishiki juu ya plastiki. Na rowesha unapokwangua. Rangi kongwe za mafuta nyingine zilikuwa na madini ya risasi, vumbi lake si zuri kwa watoto. Tumia msasa wa maji, watoto wakae mbali, masazo yafagiliwe yakiwa na unyevu.

Usianze sasa kama mawingu ya masika yameshakaa. Pemba mvua yenu haina adabu. Ngoja kusi likaushe ukuta.

---

Mtu_wa_Kigamboni (#15)

Huu uzi umekuwa darasa. Mimi naomba kuuliza, jana niliweka tina kwenye trei nioshe rola ya sponji. Trei imelainika, rola imekuwa kama ubwabwa. Tina mbovu?

---

FundiWaNgambo (#16)

Tina nzuri hiyo! Tina kali inayeyusha sponji na plastiki nyingi za trei. Rola ya sponji iliyotumika kwa rangi ya mafuta, osha kwa mafuta ya taa, na tumia kopo la bati. Naona hata wa Kigamboni ameanza kuosha.

Mafuta ya taa yaliyotumika usiyamwage. Yatie kwenye chupa ya kioo, funga, weka siku mbili tatu. Rangi inatuama chini, juu yanabaki mafuta safi, unamimina polepole unatumia tena. Chupa iandike alama kubwa, na isiwe chupa ya soda, watoto hawaulizi.

---

Mtumbatu77 (#17)

Na hilo la kumwaga nitilie mkazo. Kule maweni, Makunduchi, Jambiani, hata huku kwetu, udongo ni kiganja tu. Chini ni jiwe lenye matundu kama sifongo. Unachokimwaga nyuma ya nyumba kinashuka moja kwa moja kwenye maji ya kisima. Nimewahi kuona fundi anaosha brashi hatua kumi kutoka kisimani, akamaliza akachota maji akanywa!

Kingine, upepo wa bahari. Nyumba za pwani skrepa, brashi ya waya na fremu ya rola zinashika kutu kwa wiki. Mie nikishaosha nafuta kavu kabisa, napitisha tone la mafuta ya cherehani. Lile bati la brashi nalo, likishika kutu linachafua rangi nyeupe madoa ya kahawia.

---

KijanaWaKwahani (#18)

Ngazi je? Mie ngazi yangu ya mbao inanitetemesha roho.

---

FundiWaNgambo (#19)

Ngazi ya mbao usiipake rangi. Rangi inaficha ufa. Kila hatua nne za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe hatua moja mbali na ukuta. Ukuta mrefu funga jukwaa la mirunda, na kamba uifunge wewe mwenyewe. Chumba cha kawaida huna haja ya kupanda, mwanzi mkavu ukiingia vizuri kwenye mpini wa rola unafika hadi dari.

---

UmmuSalma_Wete (#20)

Nimerudi kutoa taarifa. Nimetwanga makumbi manne na mwanangu wa kiume, moja limetoka brashi, matatu yametoka nyuzi za kusugulia masufuria. Maalim, tumeloweka siku moja tu, nadhani ndipo tulipoharakisha.

---

MaalimChokaa (#21)

Ndipo. Lipe wiki, na utwange kwa upande wa mchi, si kwa ncha. Hilo moja lililotoka lijaribu kwenye kipande cha ukuta kisichoonekana kwanza.

---

UmmuSalma_Wete (#22)

Inshaallah. Na fundi, kabla uzi haujafungwa, kifumbu mama alipata kingine?

---

FundiWaNgambo (#23)

Nilimnunulia viwili Mwanakwerekwe, bi mkubwa. Kimoja anakitumia. Cha pili kakificha, na mpaka leo nikienda na mkoba wa kazi anakwenda kukiangalia kama bado kipo.